Karatasi ya Namba Kumi na Saba

Ofisi ya Mama Stensili ilikuwa na dirisha dogo lenye ubao wa kuegemea, na ubao huo ulikuwa umelainishwa na viwiko vya wanafunzi kwa miaka ishirini na sita. Hapo ndipo walipokuja kuomba ruhusa ya kwenda hospitali hali hawaumwi, kuulizia barua ambazo hakuna aliyewaandikia, na kuapa kwamba wamepoteza vitambulisho vilivyokuwa vikichungulia mfukoni. Aliwasikiliza wote, akawagombeza wote, na mwisho akawasaidia karibu wote. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi na si kwingine. Hili la Stensili alipewa na wanafunzi wa zamani sana, enzi ambazo mitihani ilichapwa kwenye karatasi ya nta, kisha ikazungushwa kwa mkono kwenye mashine iliyomwaga wino mpaka kwenye soksi. Mashine ilikufa, ikaja kompyuta, kompyuta nayo ikafa ikaja nyingine, jina likabaki. Hata mume wake, fundi seremala wa maneno machache, alimwita hivyo akitaka kumchokoza.

Mwanamke huyu alikuwa na vitu viwili visivyoelewana. Kwanza alikuwa na jicho. Ukimwonyesha mstari mmoja wa mwandiko wa mwanafunzi yeyote, alikuambia ni wa nani, anakaa wapi darasani, na kama aliuandika huku kengele inalia. Pili, alikuwa na hasira za karibu. Jicho lilihitaji muda, hasira hazikuhitaji, kwa hiyo mara nyingi hasira ndizo zilizofika kwanza. Jicho lilipofika, lilikuta watu wameshagombezwa.

Kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa hata kwenye mkataba wake. Kila mwaka, kidato cha nne kilipokaribia kuondoka, alichapa kijitabu cha kwaheri. Utaratibu wake ulikuwa wa zamani kuliko walimu wengi wa shule ile. Kiranja alipitisha kopo la chaki lenye vipande vya karatasi, kila kipande kina namba na jina la mwanafunzi mmoja. Unavuta kimoja, unasoma kimya, humwambii mtu. Ukivuta cha kwako unakirudisha na kuvuta kingine. Kisha unakibandika juu ya karatasi safi, na chini yake unamwandikia mwenzako mistari minne ya kumkumbuka na kumchokoza, bila kutia saini. Karatasi unaitumbukiza kwenye sanduku la mbao chini ya dirisha la Mama Stensili. Siku ya mwisho kila mtu husimama mbele ya wenzake na kujisomea mwenyewe yale aliyoandikiwa, kwa sauti, bila kucheka. Ukicheka unaanza upya. Kuna mwaka mvulana mmoja alianza upya mara kumi na moja, mpaka mwalimu wa zamu akamwonea huruma akamruhusu asome akiwa ameutazama ukuta.

Mwaka huu darasa lilikuwa la wanafunzi thelathini na wanane, na Mama Stensili alifungua sanduku Jumatatu asubuhi kabla hata hajavua kofia ya mvua. Karatasi zilikuwa thelathini na nane, hakuna iliyopungua. Akavuta kiti, akaanza kuchapa huku akicheka peke yake.

"Namba 4," aliandika mmoja, "aliazima rula yangu kidato cha pili. Namtakia maisha marefu ili apate muda wa kuirudisha."

"Namba 9 amekuwa akisema 'naja' tangu siku ya kwanza. Mkimwona mwambieni tumeshamaliza shule."

Kiranja mwenyewe, msichana aliyeitwa Spika kwa sababu sauti yake ilifika kila mahali kabla yake, aliandikiwa hivi: "Mungu alimpa sauti, akasahau kumpa swichi." Na kijana mrefu kuliko wote, waliyemwita Mlingoti, aliambiwa kwamba miaka minne walioketi nyuma yake hawajawahi kuuona ubao, na kwamba wakifeli jiografia wanajua pa kupeleka malalamiko.

Namba kumi na tano, namba kumi na sita, vidole vikikimbia. Akachukua namba kumi na saba. Juu kulikuwa na kile kipande chenye namba na jina, kimebandikwa vizuri, kimenyooka, pembe zote nne zimeshika. Chini hakukuwa na kitu. Akaigeuza upande wa pili, hakuna kitu. Akaiinua dirishani kama mtu anayekagua noti, hakuna hata alama ya kalamu iliyogusa ikaondoka.

Namba kumi na saba alikuwa binti mkimya, mkimya kweli, wa wale ambao ukiulizwa darasa lina watu wangapi unawakumbuka mwishoni. Alisalimia kwa sauti ya chini, akaomba alichokuja kuomba, akashukuru, akaenda zake. Katika miaka minne hakuwahi kusimama kwenye dirisha lile zaidi ya dakika mbili. Sasa mtu aliyekaa naye darasa moja miaka yote hiyo alikuwa amevuta jina lake, akafikiri, akaona hana hata mstari mmoja wa kumwandikia. Siku ya mwisho binti angesimama mbele ya wote na karatasi nyeupe mkononi.

Hasira zilimpanda Mama Stensili, na safari hii zilikuwa na mizizi mirefu.

Yeye mwenyewe alikuwa amesoma shule hiyohiyo. Alikuwa namba ishirini na tatu. Ilipobaki miezi miwili amalize, mama yake akaugua, naye ndiye mkubwa mwenye wadogo watano nyuma yake, basi akafunga vitabu akaenda kuwalea. Mwaka uliofuata alirudi shuleni kama msaidizi wa karani, na wiki ya kwanza, akipanga kabati, alikuta vijitabu vya darasa lake. Alifungua kwa hamu. Namba ishirini na mbili alikuwa na mistari yake minne, namba ishirini na nne alikuwa na mistari yake minne. Namba ishirini na tatu lilikuwa jina lake, kisha nukta, nukta, nukta, kutoka ukingo hadi ukingo. Aliyelivuta jina lake pengine aliona hakuna haja ya kumwandikia mtu asiyekuwepo. Mama Stensili hakumlaumu mtu, lakini aliumia, na ukweli ni kwamba alikuwa bado anaumia. Kijitabu hicho kilikuwa kwenye droo ya chini kabisa, chini ya karatasi za kaboni ambazo hakuna aliyezihitaji tena. Katika miaka yake yote ya kuchapa hakuwa amekubali nukta ziingie kwenye kijitabu cha mtu mwingine.

Alisubiri mapumziko ya saa nne. Alipomwona namba kumi na saba akielekea maktaba na vitabu vya kurudisha, alikaza kanga kiunoni akaenda moja kwa moja mpaka darasani na kusimama mlangoni.

"Nani amevuta namba kumi na saba?"

"Mama, shikamoo kwanza," Spika alisema.

"Marahaba, na usinizungushe. Nani amevuta namba kumi na saba?"

Watu thelathini na saba walitazamana.

"Mama, si tuliambiwa ni siri?" Mlingoti aliuliza, akiwa amekaa lakini bado akionekana amesimama.

"Siri ni jina la mwandishi. Huyu hakuandika, kwa hiyo si mwandishi, kwa hiyo hana siri. Ajitokeze."

Hakujitokeza mtu. Mmoja aliapa kwa jina la mama yake, wa pili akaapa kwa macho yake yote mawili, wa tatu akasema kama ni yeye basi afeli hisabati, wenzake wakamkumbusha kwamba hilo litatokea vyovyote vile. Darasa likaanza kucheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza Mama Stensili.

"Chekeni! Miaka minne mmekaa na mwenzenu, mmekopa vitabu vyake, mmekula naye, mmenyeshewa naye, leo mtu anabandika jina lake kwenye karatasi tupu kama anabandika tangazo la kiwanja kinachouzwa! Hivi mna mioyo au mna vifutio? Namtaka mwenye karatasi hii dirishani kwangu kesho kabla ya saa sita. La sivyo kijitabu hakitoki, mtasomeana orodha ya mahudhurio!"

Akageuka akaenda. Nyuma yake hakuna aliyecheka.

Jioni, akimsimulia mume wake, alirudia hotuba yote na kuongeza maneno mawili matatu ambayo alikuwa ameyasahau darasani. Fundi alikula kwa utulivu mpaka hotuba ikaisha.

"Umehesabu?" aliuliza.

"Nimehesabu nini?"

"Mimi kipande kikikosekana kwenye meza ninayoiunda, nahesabu kwanza. Nikimaliza kuhesabu ndiyo nagombeza watu."

"Nimekuambia karatasi ni thelathini na nane! Hakuna kilichokosekana."

"Basi sawa, Mama Stensili," alisema, akaomba maji ya kunawa. Alimkera sana.

Siku ya pili sanduku lilikataa kufunga. Mama Stensili alilifungua akakuta karatasi juu ya karatasi, thelathini na moja kwa hesabu, na zote zilikuwa za namba kumi na saba. Darasa lilikuwa limeingiwa na hofu, na karibu kila mtu aliona heri aandike kuliko kushukiwa.

"Kwenye mtihani wa majaribio kalamu yangu ilikwisha wino, akanipa yake. Yeye akabaki saa nzima akiyasoma maswali kwa heshima."

"Anajua majibu yote, lakini mkono anaunyoosha mpaka kwenye sikio tu. Walimu wanadhani anajikuna."

"Kidato cha pili panya aliingia darasani. Sisi wote tulipanda juu ya madawati. Yeye alikwenda kumfungulia mlango."

"Nilimwona akijigonga kwenye dawati, akaliambia pole. Dawati halikuitikia."

Na ya Mlingoti, herufi ndefu kama mwenyewe: "Mimi sijamvuta, ila ni mtu mzuri. Usinigombeze tena, usiku sikulala."

Mama Stensili alisoma zote thelathini na moja. Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe binti hakusahauliwa hata kidogo, alikuwa amejaa kwenye vichwa vyao miaka yote, hakuna tu aliyewahi kuulizwa. Furaha ikamjia, lakini nyuma ya furaha ukaja ukaidi. Ikiwa wote wanamkumbuka hivi, ni nani huyo mmoja asiyemkumbuka? Angemjua, hata kama ni mtoto wa Mwalimu Mkuu.

Akafunga dirisha. Akatandaza mezani zile karatasi thelathini na saba za mwanzo, zenye maneno, na pembeni akaweka orodha ya darasa. Ndipo jicho likapewa nafasi. Mwandiko huu unaolalia kushoto ni wa namba mbili, akatia alama. Huu wenye mikia ni wa Spika. Huu uliobonyezwa mpaka upande wa pili ni wa yule aliyeazima rula. Mmoja baada ya mwingine, alama baada ya alama, bila kusita. Aliyebaki bila alama ndiye mwenye karatasi tupu, na asubuhi yake ingekuwa ndefu.

Alipoweka alama ya thelathini na saba, alishusha kidole kwenye orodha kutafuta nafasi iliyobaki. Kidole kikasimama kwenye namba kumi na saba.

Alirudia kuhesabu. Kisha akamkumbuka mume wake, akamkasirikia tena kwa sababu ya kuwa sahihi.

Binti alipoitwa alikuja mbio, akasimama upande wa nje wa dirisha kama kawaida.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Zunguka, ingia ndani. Kaa hapo." Mama Stensili akamwekea karatasi tupu mbele yake. "Mwanangu, hii ni yako?"

Binti aliitazama. Masikio yakamwiva. "Ndiyo, Mama."

"Ulivuta jina lako mwenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Na kurudisha je? Si ndiyo sheria? Unarudisha, unavuta jingine!"

"Spika alikuwa anaharakisha watu. 'Haya anayefuata, haya anayefuata.' Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikaona nikirudisha nitawachelewesha."

Katika maisha yake Mama Stensili alikuwa amesikia visingizio vya kila namna kwenye dirisha lile, na huu haukuwa kisingizio, ulikuwa ukweli mtupu, na ndiyo maana ulimshinda.

"Sasa ukaamua uache tupu?"

"Nilijaribu. Nilikaa nayo wiki nzima. Sikupata cha kusema." "Mama, ni kweli uliwagombeza darasa zima?"

"Kidogo."

"Wanasema uliwauliza kama wana mioyo au vifutio."

"Wanatia chumvi," alisema Mama Stensili, akageuka kutafuta kitu ambacho hakikuwepo kwenye rafu. Alipogeuka tena alikuwa na ule mzigo wa karatasi thelathini na moja. "Soma hizi. Wamekuandikia wenzako. Uchague moja, niichape, yaishe."

Binti akasoma. Hakucheka kwa sauti, lakini mabega yalianza kutikisika kwenye karatasi ya tatu, na kufika ya kumi alikuwa anajifuta macho kwa ukingo wa sweta. Ilikuwa vigumu kusema ni machozi ya namna gani, na Mama Stensili hakuuliza, maana ya kwake yalikuwa karibu.

"Hii si kweli," binti alisema, akiinua mojawapo.

"Ipi?"

"Hii ya dawati."

"Hukuliambia pole?"

"Lilikuwa kabati, Mama."

Akazipanga karatasi zote sawasawa, akazirudisha mezani, akauliza kama anaweza kuazima kalamu. "Sheria inasema aliyevuta ndiye anayeandika," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilisikika mpaka mlangoni. Akainama kwenye ile karatasi tupu. Mama Stensili alijitia anapanga faili. Alipopewa karatasi, alisoma mara moja, akakaa kwenye kompyuta, akachapa neno kwa neno, na hakugusa hata nukta.

Siku ya mwisho kwa kawaida alisikiliza kutoka ofisini, vicheko vikimfikia kupitia uani. Safari hii alikwenda akasimama mlangoni mwa darasa, kwa sababu alijua anachodaiwa. Walisoma kwa kufuata namba. Yule wa rula alianza upya mara tatu. Mlingoti alisoma yake akiwa ameinama ili, alisema, wa nyuma nao waone.

"Namba kumi na saba!" Spika aliita.

Binti alitoka mbele.

"Sauti!" mtu alisema kutoka nyuma, bila ubaya.

"Namba kumi na saba," binti alianza, "alivuta jina lake mwenyewe kwenye kopo, akaona haya kulirudisha kwa sababu foleni ilikuwa ndefu."

Kwanza hawakuelewa. Kisha wakaelewa wote kwa pamoja, na darasa likalipuka. Mlingoti alianguka kwenye kiti chake, safari ndefu. Spika alishika kichwa akipiga kelele, "Ni mimi! Ni mimi niliyekuwa naharakisha!" Na binti, akiwatazama wakivunjika mbavu kwa sababu yake, akacheka.

"Umecheka! Anaanza upya!"

Alianza upya, akacheka palepale. Akaanza tena. Msichana ambaye kwa miaka minne aliinua mkono mpaka kwenye sikio, alisimama mbele yao akasoma mara tano, kila mara sauti ikipanda, mpaka akafika mwisho:

"Alikaa wiki nzima akijaribu kujikumbuka, asikumbuke kitu. Kwa sababu yake watu thelathini na saba waligombezwa bure. Anawaomba radhi ninyi, na Mama Stensili, na lile kabati."

Vichwa vyote vikageukia mlangoni.

"Haya," alisema Mama Stensili, mikono kiunoni. "Nimekosa. Niliwagombeza bila kuhesabu. Nyinyi si vifutio." Alijikaza, midomo ikamponyoka, akacheka.

"Umecheka, Mama! Unaanza upya!"

"Nyamazeni!"

"Sheria ni sheria, Mama!"

Ilibidi aanze upya. Mara mbili.

Mchana wakaondoka, na masanduku yao, kelele zao na ahadi za kuandikiana ambazo nusu yake hazingetimia. Namba kumi na saba alipita dirishani kuaga, akaegemea ule ubao kwa viwiko vyote viwili, akakaa robo saa nzima.

Uwanja uliponyamaza, Mama Stensili alivuta droo ya chini kabisa, akatoa kijitabu cha darasa lake. Aling'oa pini kwa ukucha, taratibu, akachomoa ukurasa mmoja. Kwenye kona kulikuwa na taipureta ya zamani, ambayo siku hizi ilitumika kujaza vyeti tu. Akaifuta vumbi, akaingiza ukurasa, akateremka mpaka chini ya zile nukta, akachapa:

"Namba 23 aliondoka miezi miwili kabla ya wenzake, akarudi, na tangu hapo hajaondoka tena. Ana jicho kali na hasira kali, ila hasira ndizo zinazotangulia. Wenzake wakimkumbuka, wamwulizie dirishani."

Akautoa ukurasa, akaupuliza wino ukauke. Kisha akasimama, maana sheria ni kusimama, akaanza kujisomea kwa sauti mbele ya viti vitupu. Kwenye "hasira kali" alicheka.

Akaanza upya.